Maswali ya Wasomaji: Kujiandaa Kuonana na Msimamizi Mtarajiwa wa Uzamivu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Dodoma. Nina shahada ya uzamili, na nimekusudia kuomba nafasi ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilimwandikia barua pepe profesa mmoja ambaye makala zake za sarufi nimekuwa nikizisoma, naye kwa wema wake akanijibu kwamba yuko tayari kuonana nami ofisini kwake kwa nusu saa, wiki tatu kuanzia sasa. Mada niliyomtajia ni "Changamoto za upatanisho wa kisarufi miongoni mwa wanafunzi wa sekondari". Niliichagua kwa sababu kila mwaka ninaposahihisha insha za Kidato cha Pili nakuta wanafunzi wameandika "shuleni yetu" na "nyumbani yetu", ilhali "mtoto wetu" na "kitabu chetu" hawakosei. Sijui niende na nini. Je, niwe nimekamilisha pendekezo la utafiti? Nimuulize mambo ya ada na muda, au nisubiri mpaka anikubali? Wenzangu wananiambia kwamba mbele ya profesa ni bora kusikiliza tu na kukubali atakachosema. Naomba mwongozo. (Mwalimu, Dodoma)

JIBU: Mwalimu, nianze na ushauri wa wenzako, kwa sababu ukiufuata, maandalizi mengine yote yatakuwa kazi bure. Profesa aliyekutengea nusu saa katika wiki yenye vipindi, vikao na tasnifu za kusahihishwa hakukuita ili akuone ukiitikia. Anataka kujua kama una swali ambalo utaweza kukaa nalo kwa miaka mitatu, minne au zaidi bila kulichoka, na anataka kujua kama ukiambiwa hoja yako ina upungufu utaitetea kwa sababu, au utairekebisha kwa sababu, badala ya kunyamaza. Mambo hayo mawili hayawezi kuonekana kwa mtu anayejibu "ndiyo, Profesa" kwa kila kitu. Mwamkie kwa adabu kama unavyomwamkia mtu wa rika lake, mpe shikamoo ikiwa umri wake unaidai, mwite kwa cheo chake, na uizime simu yako kabla hujabisha hodi. Baada ya hapo, heshima iliyo kubwa kuliko zote kwa mtu wa taaluma ni kumwonyesha kwamba umesoma alichokiandika na kwamba umekuja na jambo la kumuuliza.

Pendekezo kamili usiende nalo. Hakuna mtu atakayesoma kurasa ishirini na tano ndani ya nusu saa, na isitoshe, pendekezo ni kazi ambayo mwanafunzi huijenga pamoja na msimamizi wake kabla ya kulipeleka mbele ya idara na ngazi nyingine za chuo. Ukienda nalo likiwa limefungwa kila upande, unamwambia bila kukusudia kwamba kazi yake ni kutia sahihi tu. Andika kurasa 2. Eleza tatizo kama ulivyokutana nalo, swali lenyewe, waliotangulia wamesema nini na wameishia wapi, na namna unavyofikiri jibu linaweza kutafutwa. Mtumie kurasa hizo kwa barua pepe wiki moja kabla ya siku yenyewe, kisha siku hiyo uchukue nakala mbili zilizochapwa, yake na yako, maana si ajabu akawa hakupata nafasi ya kuzifungua. Ukiona maandishi yanadai ukurasa wa tatu, ujue bado hujaamua unachotaka kukiuliza.

Kinachohitaji kazi kubwa zaidi katika wiki zako tatu ni hiyo mada. "Changamoto za upatanisho wa kisarufi" ni uwanja mzima, na chini ya kichwa hicho mtu anaweza kuandika kuhusu vivumishi, viambishi vya vitenzi, majina ya wanyama, maneno ya mkopo au chochote kile. Lakini ndani ya barua yako umetaja jambo lililo bora kuliko mada uliyompelekea, nawe umelipitia kama mfano wa kawaida. Wanafunzi hao hao wanaopatanisha vizuri "mtoto wetu" na "kitabu chetu" wanakosea wanapofika kwenye "shuleni". Kwa nini wakosee hapo hasa? Hilo ni swali la utafiti, na limetoka darasani kwako.

Hebu tulitazame kwa karibu, ili uone maandalizi ninayokushauri yanavyofanana. Nomino "shule" iko katika ngeli ya I-ZI, ndiyo maana tunasema "shule yetu". Ikipewa kiambishi "-ni" inaingia katika ngeli za mahali, na kanuni inadai "shuleni kwetu", "shuleni petu" au "shuleni mwetu", kutegemea kama tunakusudia mahali kwa jumla, mahali mahususi au ndani yake. Mwanafunzi anayeandika "shuleni yetu" huenda anaiona "-ni" kama nyongeza isiyobadili chochote, na kwake nomino imebaki palepale katika I-ZI. Kama dhana hiyo ni ya kweli, basi akiandika kuhusu kijiji ataandika "kijijini chetu", na akiandika kuhusu mji ataandika "mjini wetu". Lakini huenda jambo ni tofauti kabisa, kwamba "yetu" imekuwa kwake umbo la kukimbilia kila anapokosa uhakika, na hapo utakuta "kijijini yetu" na "mjini yetu". Una dhana mbili ambazo kila moja inatabiri umbo lake, na ushahidi wa kuzipambanua unaweza kupatikana katika insha za wanafunzi. Ukiingia katika ofisi ile na jambo hilo moja limekunjuliwa namna hiyo, profesa wa sarufi atasogeza kiti chake karibu na meza.

Jihadhari pia na jibu ambalo kila mtu atakupa upesi, kwamba hizo ni athari za lugha ya kwanza. Lugha nyingi za Kibantu zina upatanisho wake wa mahali, na mtoto aliyekulia katika lugha ya namna hiyo angetarajiwa kulimudu jambo hili badala ya kushindwa nalo. Huenda athari ipo, lakini haiwezi kudaiwa tu bila kuonyeshwa, na msimamizi makini atakuuliza kuhusu hilo katika dakika kumi za kwanza. Ni vizuri uwe wewe mwenye kulitaja kabla hajauliza.

Kuhusu kusoma: usijaribu kumaliza kila alichopata kuandika. Soma kazi zake tatu au nne za karibuni kwa utulivu, na uandike pembeni mahali ambapo hukushawishika. Pitia majarida ambayo mjadala wa sarufi ya Kiswahili umekuwa ukiendelea humo, kama vile Kiswahili, Mulika, Kioo cha Lugha na Swahili Forum, ambalo linasomeka bila malipo mtandaoni. Unapotafuta kazi za zamani za chuo unachokiomba kumbuka kwamba nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2009 zina jina la TUKI, maana ndio mwaka ambao Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliunganishwa na Idara ya Kiswahili ya chuo hicho ikawa TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Kisha, na hili watu wengi hawalifanyi, tafuta tasnifu moja au mbili ambazo profesa huyo alizisimamia. Ukifika Dar es Salaam siku moja kabla, omba kuingia katika mkusanyiko wa East Africana wa maktaba ya chuo. Usiishie kwenye sura za uchambuzi. Soma ukurasa wa shukrani, kwa kuwa mwanafunzi aliyesaidiwa vizuri huandika bayana alisaidiwa katika nini, na ukurasa huo utakueleza mambo ambayo tovuti ya chuo haiyasemi.

Chukua pia mifano. Andika kwa taipu sentensi kumi hivi kutoka katika makosa uliyokutana nayo, kila moja kama mwanafunzi alivyoiandika, bila jina lake na bila jina la shule. Usibebe madaftari yenyewe. Wanafunzi wa Kidato cha Pili ni watoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na utafiti wenyewe utakapoanza utahitaji ridhaa ya wazazi pamoja na barua kutoka chuoni, zitakazopita kwa Katibu Tawala wa Mkoa na Mkurugenzi wa Halmashauri kabla ya kufika kwa mkuu wa shule. Tarajia kuulizwa swali gumu zaidi kuliko la vibali: utawezaje kuwatafiti watoto unaowafundisha na kuwapa alama, ambao hawawezi kukukatalia kwa urahisi? Huenda jibu likawa kukusanya data katika shule nyingine. Fikiria kabla hujaenda, kwa maana jambo hili linawagusa watoto, na anayelifikiria mapema huonekana ni mtu wa kuaminiwa na utafiti.

Sasa la ada na muda. Kiwango cha ada, tarehe za maombi na viambatisho vinavyotakiwa vimeandikwa katika miongozo ya chuo na vinajibiwa na ofisi inayoshughulikia masomo ya uzamili na uzamivu. Kuvimaliza hivyo mbele ya profesa ni kupoteza dakika ambazo hutazipata tena. Ila yako mambo ambayo ni yeye tu awezaye kukujibu, na hayo uyaulize siku hiyo bila kuona haya. Ana wanafunzi wangapi wa uzamivu kwa sasa? Hukutana nao kila baada ya muda gani? Ukimpelekea sura ya tasnifu, kwa kawaida huirudisha baada ya wiki ngapi, na hupenda kuisoma ikiwa rasimu au ikiwa imekamilika? Je, ana likizo ya utafiti au anakaribia kustaafu katika miaka unayotarajia kusoma, na ikiwa hivyo, nani atakuwa msimamizi mwenza? Je, upo mradi wenye ufadhili ambao swali lako linaweza kuingia? Kuna watu wanaoona maswali haya ni ya mtu asiyejua nafasi yake. Mimi naamini kinyume chake kwa dhati, kwa sababu uzamivu mwingi unaokwama katika nchi zetu haukwami kwa ukosefu wa akili. Unakwama kwa sura iliyokaa mezani kwa mtu miezi minane, na mwanafunzi anayeogopa kuuliza. Wewe pia unachagua. Msimamizi mzuri hatakasirika kuulizwa anavyofanya kazi, na akikasirika, ni heri ulijue hilo sasa, kabla hujalipa ada.

Nawe uwe mkweli kuhusu hali yako. Umeajiriwa, hivyo mwambie kama utaomba ruhusa ya masomo kwa mwajiri au utasoma huku ukifundisha, na kama umeshazungumza na mkuu wako wa shule. Baadhi ya vyuo vina uzamivu wa tasnifu pekee na uzamivu wenye kozi pamoja na tasnifu. Ule wa pili utakudai uwepo darasani, na kwa mtu wa Dodoma tofauti hiyo si ndogo. Mweleze pia kama unataka kuandika tasnifu kwa Kiswahili, jambo ambalo TATAKI wamelizoea.

Likitokea akakuambia, "Mada hii iache, fanya hii nyingine," usikubali papo hapo wala usikatae. Muulize anaona nini katika hiyo ya pili na upungufu gani katika ya kwanza, andika majibu katika daftari, kisha omba wiki moja ya kufikiri. Inawezekana ana haki, kwani ameona kazi nyingi zikianza vizuri na kukosa data katikati. Inawezekana pia anatafuta mtu wa kujaza nafasi katika mradi wake, jambo ambalo si baya ikiwa nawe unalitaka. Utajua ukirudi nyumbani na kujiuliza ni lipi kati ya maswali hayo mawili linalokuamsha mapema.

Kesho yake mwandikie barua pepe fupi: shukrani, mambo mlioafikiana kama ulivyoyaelewa, na kitu kimoja utakachomletea pamoja na tarehe yake. Kisha ukilete tarehe hiyo.

SWALI: Nina uzamili wa sayansi ya udongo, naishi Eldoret. Profesa wa chuo kikuu kimoja cha Ujerumani amekubali tuzungumze kwa video wiki ijayo saa 10:00. Ninachoogopa ni kuulizwa nisichokijua. Pia sijui kama ni sawa kuomba barua ya kukubaliwa siku hiyo hiyo. (Msomaji, Eldoret)

JIBU: Kwanza thibitisha saa. Ujerumani iko nyuma yetu kwa saa 2 wakati wa majira yao ya baridi na kwa saa 1 tu wakati wa kiangazi, na mabadiliko hayo hufanyika Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ikiwa 10:00 aliyoandika ni asubuhi ya kwao, kwako itakuwa saa tano au saa sita za mchana, kutegemea mwezi. Mjibu leo ukiitaja saa kwa tarakimu, pamoja na maneno "saa za Ujerumani", na umwambie itakuwa saa ngapi Kenya. Siku yenyewe uwe na bando la akiba katika simu, ili umeme ukikatika mazungumzo yasikatike nao.

Kuulizwa usichokijua kutatokea, na hakuna ubaya wowote. Sema kwamba hujui, kisha useme ungeanzia wapi kukitafuta: ungepima nini, katika tabaka gani la udongo, ukilinganisha na shamba lipi. Mtafiti anayesikiliza hujifunza mengi kutokana na sentensi hiyo ya pili. Anayebuni jibu hugunduliwa kwa swali moja la nyongeza, na baada ya hapo hata aliyoyajua hutiliwa shaka.

Barua ya kukubaliwa ina uzito wa pekee huko, kwa sababu katika uzamivu usiopitia programu maalumu, mwombaji hutafuta msimamizi kwanza, ndipo fakalti inapomwandikisha; na shirika la ufadhili la DAAD huhitaji uthibitisho wa msimamizi kwa wanaoomba uzamivu. Kwa hiyo si utovu wa adabu kuitaja. Usiiombe kama kitu unachomdai. Mwishoni mwa mazungumzo muulize angehitaji kuona nini kutoka kwako ndipo aweze kuandika barua hiyo, kisha umtajie tarehe ya mwisho ya maombi ya ufadhili, ili naye apange muda wake. Muulize wazi pia kuhusu fedha za kuishi. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada kwa mwanafunzi wa uzamivu zaidi ya mchango wa kila muhula, lakini pango, chakula na bima ya afya vinahitaji kipato, na wapo wanaoajiriwa katika mradi na wapo wanaotegemea ufadhili wa nje. Wewe utakuwa katika kundi lipi? Usikate simu kabla hujapata jibu.

Na kwa kuwa kazi yako ni ya udongo, uwe na maelezo tayari kuhusu sampuli. Utazipima Kenya au utazisafirisha? Kuzisafirisha kunadai vibali huku na huko, na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, utaihitaji kabla ya kwenda shambani. Profesa ambaye hajawahi kufanya kazi Kenya atafurahi sana kumpata mwanafunzi anayelijua hilo.

SWALI: Wahadhiri wawili wa vyuo tofauti, mmoja hapa Zanzibar na mwingine Nairobi, wamekubali kuonana nami mwezi huu kuhusu usimamizi. Hawajui habari hiyo. Je, ni makosa? (Msomaji, Mjini Magharibi)

JIBU: Kuzungumza na wawili si makosa, na wao wenyewe wanajua kwamba mwombaji mwenye busara hategemei mlango mmoja. Kosa ni kuficha. Kila mmoja mwambie, kwa sentensi moja tu na bila kujieleza sana, kwamba unazungumza pia na mwenzake wa chuo kingine na hujaamua. Jina si lazima ulitaje asipouliza, akiuliza, mtajie. Kama wangekuwa katika idara moja ningekushauri umwone kwanza mmoja, umweleze unamfikiria mwenzake pia, kwani huenda wakakusimamia wote wawili.

Liko jambo moja la kuliangalia kwa makini. Ukikaa na wa kwanza akakupa wazo zuri, namna ya kukusanya data, tuseme, au namna mpya ya kulitazama swali, usilipeleke kwa wa pili kama lako. Sema umelipata wapi. Taaluma yako ni ndogo, na wawili hao huenda ndio watakaoombwa kuitahini tasnifu yako.

Ukishaamua, mwandikie yule mwingine siku hiyo hiyo kabla hajasikia kwa mtu, umshukuru kwa muda wake na umtajie jambo mahususi ambalo mazungumzo yenu yalikusaidia kulielewa.